Maswali ya Ujenzi: Ramani ya Dar kwenye Baridi ya Mbeya

SWALI: Nimepata kiwanja cha mita 20 kwa 30 kwenye viwanja vipya vilivyopimwa Isyesye, Mbeya. Barabara iko kusini. Ramani niliyo nayo ilishajengwa Dar es Salaam: paa la kuficha nyuma ya ukuta, linaloteremka upande mmoja, sebule ya vioo vikubwa inayotazama barabarani. Fundi anasema inajengeka kama ilivyo. Ni kweli?
Msomaji, Isyesye

JIBU: Inajengeka, ila utaishi kwenye friji. Juni na Julai, baridi inapouma huko kwenu, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na ukuta wa kusini hushinda kivulini. Dar kivuli hicho ni neema, kwa hiyo mchoraji hakukosea. Kwako sebule na vyumba vya kulala vihamie kaskazini. Jiko, stoo na mabafu yenye madirisha madogo ndiyo yatazame barabara. Nyumba yenyewe isogezwe kusini kadiri masharti ya halmashauri yanavyoruhusu, bustani ibaki kaskazini, ili ghorofa la jirani lisije kukuzibia jua. Atakayeuliza kwa nini nyumba imeipa barabara mgongo, mkaribishe sebuleni saa nne asubuhi.

Usiogope joto la Desemba: wakati huo jua la saa sita limeinamia kusini kidogo, haliingii kwenye vioo vya kaskazini. Kofia ya zege juu ya dirisha ni ya kuzuia mvua tu. Sentimita 45 zinatosha. Ukiweka 60, kivuli chake saa sita mchana mwezi Juni hushuka karibu sentimita 95, na jua ulilolitafuta umelifukuza mwenyewe.

Sasa paa, kwenye hasara kubwa. Nyumba ya upana wa mita 10 ikiteremshiwa upande mmoja kwa nyuzi 10 inahitaji kimo cha sentimita 176. Ukuta wa kulificha paa hilo ungekuwa mrefu mno, basi mafundi hulaza bati mpaka nyuzi 3, na mvua ya upepo hupanda kwenye maungio. Gawa paa pande mbili: kimo kinashuka hadi sentimita 88, mteremko uleule.

Mvua ya milimita 50 kwa saa moja kwenye paa la mita za mraba 140 ni lita 7,000. Kila mfereji nyuma ya ukuta uwe na upana wa sentimita 30, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na mabomba mawili ya inchi 4. Kisha toboa ukutani tundu la dharura, sentimita 5 chini ya ukingo wa mfereji. Majani yakiziba mabomba, maji yatamwagikia nje badala ya darini. Tundu hili hugharimu kipande cha bomba tu, na ndilo linalosahaulika zaidi. Bati la kuziba ungio la paa na ukuta lichomekwe kwenye mkato ndani ya tofali. Likipakwa saruji juujuu, litapasuka mwaka wa kwanza.

Mbeya iko kwenye Bonde la Ufa, na ukuta wa kuficha paa usioshikwa ndio wa kwanza kuanguka ardhi ikitikisika. Nondo za nguzo fupi zitoke kwenye mkanda wa linta (zege la juu ya milango na madirisha) kila mita 2, juu zifungwe kwa mkanda mwembamba wa zege.

SWALI: Kenchi zangu (fremu za mbao za kubeba paa) za msonobari zimejipinda kabla ya kuezekwa. Mbao zilipakwa dawa. Shida nini?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Zilipigiliwa mbichi. Dawa huzuia mchwa na kuoza, haikaushi. Zilizopinda sana zing'oe sasa. Ukiziacha, bati litafuata umbo la kenchi zilizopinda. Mbao mpya zipange kivulini juu ya matofali, kila safu itenganishwe na vipande vya inchi 1 ili upepo upite, na uzito uwekwe juu. Kila utakapokata, paka dawa upya kwenye ncha, kwani kiini cha ubao mara nyingi hakikufikiwa.