Jibu: bila patenti, karakana inaweza kusema ina ubunifu?

Ndugu, umeuliza kama karakana yenu hapo Kibuye inaweza kuitwa ya ubunifu na haina hata patenti moja. Inaweza kabisa, na hii kitu inaniuma juu mafundi wengi Kisumu wanajishusha bure.

Patenti inaonyesha uvumbuzi uliosajiliwa, basi. Ule mwongozo wa Oslo wa kupima ubunifu, wa OECD (shirika la nchi za ushirikiano wa kiuchumi) na Eurostat (ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya), toleo la 2018, unasema ubunifu ni bidhaa ama njia ya kazi mpya au iliyoboreshwa, iwe na tofauti kubwa na ile mlikuwa nayo, na iwe imefikia wateja ama imeanza kutumika kwenu. Si lazima iwe mpya duniani, mpya kwa kampuni yenu inatosha. Sasa kama fundi amebadilisha jiko la kukausha samaki, akaweka bomba la moshi na trei za waya za kuvuta nje, na akina mama wa samaki wanalinunua, hiyo inahesabika, ikibaki mchoro kwa daftari bado.

Kwa hivyo wekeni rekodi, kwa mauzo ya mwaka ni asilimia ngapi imetoka kwa vitu mlivyoanzisha ndani ya miaka 3, halafu pesa na masaa mliyotumia kujaribu, hata vyuma vilivyoharibika.

Upande wa nchi, faharasa ya ubunifu ya WIPO (shirika la UN la hakimiliki na uvumbuzi), yaani alama za kulinganisha nchi, inachukua wastani wa mafungu mawili: yale nchi inaweka, kama elimu na miundombinu, na matokeo yanayotoka. Kwa hayo matokeo patenti zinaingia, lakini jiko lenu lisiloandikwa popote halitaonekana, ndio maana nasisitiza hizo rekodi.