Bagpuss: utulivu wake ulitoka wapi, na namna ya kutengeneza filamu ya dakika mbili ya aina ile kwa simu

Wakuu, aliyefungua uzi ameuliza mambo mawili: Bagpuss ya BBC, kipindi cha watoto kuhusu paka wa kitambaa anayelala dukani, ilitengenezwaje hadi ikawa tulivu vile, na kama mzazi anaweza kutengeneza kitu cha namna ile kwa Kiswahili, dakika mbili tu, kwa kutumia simu. Jibu la pili ni ndiyo, ila halieleweki bila la kwanza.

Bagpuss ni kazi ya watu wawili, Oliver Postgate na Peter Firmin, waliojiita Smallfilms. Studio yao ilikuwa zizi la ng'ombe lililokuwa halitumiki tena, shambani kwa Firmin, kijiji cha Blean karibu na Canterbury. Postgate aliandika, akasimulia na kupiga picha. Firmin alichora na kuunda vikaragosi. Humohumo zizini ndimo vilimotoka vipindi vyao vingine vya watoto, Ivor the Engine, Noggin the Nog na Clangers. Bagpuss ilianza kuonyeshwa Februari 1974 na ina vipindi 13 tu, lakini mwaka 1999 kura ya BBC iliipa nafasi ya kwanza miongoni mwa vipindi vya watoto. Hata rangi yake ya waridi na maziwa ilitokana na kosa: kitambaa kilitakiwa kiwe cha rangi ya machungwa, wapaka rangi wakakosea, na Firmin akaona kinafaa hivyohivyo.

Sasa utulivu. Televisheni ya Uingereza hula picha 25 kila sekunde, kwa hiyo dakika mbili ni picha 3,000. Smallfilms waliweza kumaliza dakika mbili za filamu kwa siku moja, mara nyingi zaidi ya studio ya kawaida ya katuni, Postgate akivisogeza vipande kwa mkono wake na kufyatua kamera ya milimita 16 picha moja baada ya nyingine kwa kifyatulio alichojitengenezea. Kasi hiyo haiwezekani kila kitu kikiwa kinatembea. Tazama mwanzo wa kila kipindi cha Bagpuss: picha za kahawia zilizotulia tuli, msichana Emily (binti wa Firmin mwenyewe) amesimama mbele ya duka, na sauti ya Postgate ndiyo inayobeba kila kitu. Mtoto anapewa muda wa kuipekua picha kwa macho. Hata Gabriel, yule chura mpiga banjo, hakupigwa picha moja moja. Alichezeshwa moja kwa moja kutoka chini ya kopo alilokalia, maana kupiga banjo picha moja moja ni kazi ndefu. Yaani mwendo ulitumika pale tu hadithi ilipouhitaji, na palipobaki mtoto alisikiliza.

Tukija kwenye yako. Usipange sekunde 120 zote za mwendo. Panga sekunde 85 za picha tuli na 35 za mwendo. Ukiweka programu ya kuunganisha picha moja moja kwenye picha 12 kwa sekunde (Stop Motion Studio inatosha kabisa), mwendo huo ni picha 420. Kila picha ikichukua sekunde 10, unamaliza kwa saa moja na dakika kumi. Ukijaribu mwendo mtupu ni picha 1,440, saa nne mgongo umeinama, na hapo ndipo wengi huacha njiani.

Rekodi sauti kwanza, picha baadaye. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo dakika mbili zenye pumziko zinachukua maneno 130 hadi 150, si zaidi. Ukiandika 250 utajikuta unasoma taarifa ya habari. Rekodi mbele ya kabati la nguo lililo wazi, nguo zinameza mwangwi. Simu iwe sentimita 20 kutoka mdomoni, kidogo pembeni, la sivyo kila P na B italipuka.

Na hapa kuna jambo ambalo Waingereza hawakulazimika kulifikiria sana. Watangazaji wa Play School, kipindi kingine cha watoto cha BBC, akina Brian Cant na Floella Benjamin, walitazama kamera kana kwamba nyuma yake amekaa mtoto mmoja tu. Kwa Kiingereza neno la kumwambia mmoja na la kuwaambia mia ni lilelile. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Ukisema "watoto, mnaona nini?" umeshageuka mwalimu mbele ya darasa. Sema "unaona nini?" kisha nyamaza sekunde tatu kamili. Usizikate wakati wa kuhariri hata kama unaona ni ndefu. Mtoto wa miaka mitatu anazihitaji ili ajibu. Dirisha la Play School, ambalo kamera ilipita kuingia kwenye filamu fupi, lilifanya kazi hivyohivyo: leo tunapita la mviringo, la mraba au lile lenye upinde juu? Kimya. Halafu kamera inasogea. Sisi tuna "Paukwa!" na "Pakawa!", na kazi yake ni ileile, kwa hiyo mwachie mtoto nafasi ya kuitikia. Usimjibie.

Vifaa: kadi ngumu ya boksi, mkasi mdogo, uzi, taa mbili za mezani zenye balbu za aina moja, ubao mwembamba wa kama sentimita 80, vitabu vizito, na hedifoni za waya. Laza ubao juu ya rundo la vitabu, ncha yake itokeze juu ya meza, egemeza simu hapo kamera ikitazama chini kutoka sentimita 50 hivi, kisha lundika vitabu vingine juu ya ncha ya nyuma usije ukapinduka. Taa ziwe kushoto na kulia, zimeinama nusu, ili kivuli cha moja kifutwe na nyingine.

Mhusika wa kadi mkate vipande vichache: mwili, kichwa, mkono mmoja. Kiungo ni tundu la sindano na uzi wenye fundo mbele na nyuma. Fundo likikaza sana mkono unarudi wenyewe, likilegea unaanguka. Liwe la kuacha mkono pale ulipouweka. Ukiogopa viungo, chagua kitu kisicho na miguu. Ivor ni garimoshi la kadi linaloteleza, na mlio wake wa mvuke Postgate aliutoa kwa mdomo wake. Daladala au jahazi vinafaa vilevile. Anza kusogeza milimita 2 kwa picha, panda hadi 6 katikati, shuka tena hadi 2 kabla ya kusimama. Ukisogeza 6 tangu mwanzo, jahazi litaruka badala ya kuondoka. Kupepesa jicho ni picha mbili tu za jicho lililofumba.

Yanayoharibika ni yaleyale kila mara. Picha zikipepesa, zikiwa angavu kisha giza, kamera inajipangia mwanga yenyewe: bonyeza kioo kwa muda mrefu hadi ifunge mwanga na fokasi. Zikiendelea kupepesa, ni dirisha. Wingu likipita, picha zote zinajua. Funga mapazia au fanya usiku, na vaa nguo nyeusi, maana shati jeupe linarudisha mwanga mezani kila ukiinama. Picha ikirukaruka, unaigusa simu: katika simu nyingi kitufe cha sauti cha hedifoni kinafyatua kamera, na hicho ndicho kifyatulio chako kama kile cha Postgate. Weka simu kwenye hali ya ndege (airplane mode) isiite, na chomeka chaja kabla ya picha ya kwanza. Ukiichomeka katikati, fremu nzima inahama milimita moja, na milimita hiyo itaonekana.

Katika kila kipindi, Bagpuss akiamka, picha za kahawia hugeuka za rangi, na hilo ni rahisi kuliko linavyoonekana. Piga picha moja ya rangi. Inakili. Nakala igeuze kahawia, iweke mbele, kisha zipishane, ya mbele ikififia taratibu, kwa sekunde moja na nusu. Kwa kuwa ni picha ileile hakuna kinachosogea, ni rangi tu inayopanda kama maji kwenye kitambaa. Usipige picha mbili tofauti, mkono wako hautazilinganisha kamwe.

Mwishoni Bagpuss hupiga miayo, analala, na rafiki zake wote wanalala naye. Tumia mpishano uleule kinyume, rangi irudi kahawia, kisha acha picha ya mwisho sekunde nne bila sauti wala muziki, kabla ya kuandika jina lolote.