Anko Anajibu: Mradi wa kampuni bila mshahara, niingie au nipotezee?

Swali: Anko habari, mi niko mwaka wa pili chuo nasoma kompyuta na takwimu. Kuna kampuni imekuja kwetu inataka wanafunzi wa kufanya nao mradi semista nzima, tuko watano kwenye grupu, hela hakuna, wanasema tutapata cheti na uzoefu. Washkaji wananiambia hao wanatafuta vya bure tu, ila kila nikifungua tangazo la kazi naona "uzoefu miaka miwili", sasa huo uzoefu nautoa wapi na bado niko darasani? Halafu naogopa nisije nikafeli. Nishauri.

Jibu: Salama mdogo wangu. Mimi nasema ingia, ila hicho cheti kisikupofushe macho, maana cheti cha kushiriki kila mtu anacho na anayekufanyia intavyuu hakisomi hata mstari wa pili. Yeye atakuuliza wewe binafsi ulifanya nini na kuna mtu alikitumia au la. Kwa hiyo kabla hamjakubali, waulizeni hivi: tukimaliza hii kazi nani ataitumia? Wakikutajia mtu, mfano yule dada wa stoo ambaye kila Ijumaa anahesabu mzigo kwa kalamu na daftari, basi hapo kuna mradi. Wakianza kuzungukazunguka mara "itatusaidia huko mbele", mara "ni utafiti tu", jueni mnaenda kuandika ripoti ya kulala kabatini.

Hilo la hela washkaji zako wana hoja, wasikilize. Tena hii habari ya chuo na kazi kwenda pamoja ni ya zamani na haikuanza bure. Mwaka 1906 pale University of Cincinnati, Marekani, profesa mmoja wa uhandisi anaitwa Herman Schneider alianza na wanafunzi 27, wiki moja wanakaa darasani wiki inayofuata wako karakana za viwanda, na kule viwandani walikuwa wanalipwa. Ukivuka kwenda Kanada, University of Waterloo ilianza mwaka 1957 na wanafunzi wa uhandisi kwa mtindo huo huo wa kupishanisha masomo na kazi ya kulipwa, mpaka leo wanaendelea nao.

Sasa mradi wenu sio ajira kama hiyo, ni wa darasani, so pima hivi. Kama una maksi, una lekchara anayeusimamia, una mwisho unaojulikana, na kuna mtu wa kampuni anayekaa na nyie kila wiki anawarekebisha, basi malipo yenu ni huo muda wake anaowapa, na mi naona ni biashara ya haki kabisa. Lakini wakianza kukupangia zamu, ukaona unafanya kazi za mfanyakazi aliyeondoka wakagoma kuajiri mwingine, hiyo ni kazi na kazi inalipwa, hapo mwambie lekchara mapema.

Utakachopata kule ambacho darasani hakipo ni uchafu wa data, ndio, uchafu. Darasani lekchara anakupa faili safi kila safu imekaa vizuri. Kampuni itakupa faili la wateja ambalo namba za simu zimeandikwa mitindo mitatu, tarehe nyingine siku imetangulia nyingine mwezi umetangulia, kwa hiyo ukikuta 03/04 hujui ni tatu Aprili au nne Machi, na mteja mmoja kaingizwa mara mbili kwa sababu aliyemuandikisha mara ya pili alikosea herufi moja ya jina. Unaweza ukakaa wiki mbili unasafisha tu, grafu hata moja hujachora, unaona kama unapoteza muda. Hupotezi! Siku ukiulizwa kwenye intavyuu "tueleze changamoto uliyokutana nayo" wewe una la kusema: niligunduaje tarehe zimechanganyika, nilimuuliza nani, tukakubaliana nini, yule wa darasani tupu atabaki anasema "mimi ni mchapakazi".

Mkiwa watano lazima wawili watabeba na mmoja atapotea mpaka siku ya kupiga picha, hiyo ipo kila mahali. Chukua kipande chenye jina lako tangu wiki ya kwanza, hata kidogo. Na kila Jumatatu mtumieni msimamizi imeili fupi, tumefanya hiki, tumekwama hapa, tunahitaji hiki kutoka kwenu. Ikifika wakati wa kumuomba awe refarii wako, yaani mtu wa kukusemea unapoomba kazi, anakukumbuka, na ushahidi upo kwenye simu yake.

Kuhusu kufeli, wapeni ratiba ya mitihani siku ya kwanza kabisa na mwandike kinachotakiwa kukabidhiwa ni nini. Kampuni zina tabia, mkimaliza moja utasikia "hebu ongezeni na hiki kidogo", na kile kidogo ndio kinachokula wiki yako ya mitihani. Jibu ni moja tu, sawa bosi tunaongeza, tutoe kipi?

Swali: Anko, mradi wetu umeisha vizuri ila tulisaini karatasi ya kutunza siri, siruhusiwi kuonyesha kazi yenyewe. Sivi yangu niweke nini sasa?

Jibu: Karatasi irudie uisome, mara nyingi inazuia data na kodi (yale maandishi ya programu mliyoandika), haizuii kusema ulifanya kazi. Andika imeili kwa msimamizi, mtumie ile sentensi yenyewe unayotaka kuiweka, mfano "nilitengeneza mfumo wa kuhesabu stoo, unatumiwa na watu wanne kila siku", muulize kama ni sawa, majibu yake yatunze. Kama jina la kampuni hawataki, weka "kampuni ya usambazaji". Halafu ukipata nafasi tengeneza upya kitu kinachofanana nacho kwa data za kubuni, kodi mpya yote uandike mwenyewe usinakili hata mstari mmoja wa kwao, hicho ndio utawaonyesha watu.