Jibu: Usukani kuvutwa na upepo wa ubavuni

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba baiskeli yako ya mashindano, yenye fremu bapa ya kukata upepo na rimu za kina cha milimita 60, hutulia vizuri kukiwa shwari, lakini usukani huvutwa kila lori linapokupita. Chunguza kwanza gurudumu la mbele, kwa kuwa upepo wa ubavuni ukiipiga rimu yenye kina kirefu huugeuza usukani pamoja nayo. Yangu ilinisumbua vivyo hivyo mpaka nilipoweka mbele rimu ya milimita 35 na kuiacha ya nyuma ilivyokuwa, wala sikuhisi kupoteza mwendo. Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, jizoeze kulegeza viwiko, maana mikono iliyokazwa huzidisha mtikisiko.