Kabla ya kuhesabu simu, uliza ni za nani

Juzi kijana mmoja wa Arua, hapa kwetu Uganda, ameniandikia: "Mwalimu, nataka kufanya utafiti kuhusu teknolojia na vijana wa shule. Nianzie wapi?" Nimeusoma ujumbe wake mara tatu, maana hapo ndipo nilipojikwaa mimi.

Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilikuwa sifa tupu kwa teknolojia. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa zote Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Nilitaka kuonyesha jinsi simu zilivyowaokoa wanafunzi. Dodoso likauliza: nyumbani kuna simu ya intaneti? Tiki za "ndiyo" zikajaa, nami nikafurahi.

Kisha binti mmoja akaninong'oneza: "Mwalimu, simu ni ya kaka. Anaendesha boda. Anarudi saa nne usiku na bando limeisha. Niandike ndiyo?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nililitupa lile dodoso.

Nikaanza upya, nikiuliza simu ni ya nani, inashikwa saa ngapi, bando analipa nani. Ndipo nikaona kodi ya intaneti kwa jicho jingine. Tangu Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku kufungua mitandao ya kijamii. Julai 2021, watoto wakiwa bado nyumbani, ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya data. Sheria iliisamehe data ya huduma za elimu, sawa, lakini mwanafunzi anayesoma kwa bando la kaka yake, hilo ni bando la kawaida, na kodi imo.

Siku ya kutetea kazi yangu, mmoja wa wanajopo aliniambia mbele ya wenzangu: "Huu si utafiti, ni malalamiko." Nilipita, lakini maneno yale yananiuma mpaka leo. Kuuliza nani ameachwa nje si kulalamika! Ni utafiti, tena mgumu kuliko kuhesabu tiki.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiende shuleni ukiwa umeshaamua kwamba teknolojia ni mkombozi, wala kwamba inaharibu vijana. Liache dodoso kwenye mkoba kwanza. Keti na wanafunzi watano tu, wasichana wawemo, uwaulize jana usiku simu ilikuwa mkononi mwa nani. Watakayokujibu niandikie, nitayasoma yote.