Maswali na Majibu: Bahasha Kabla ya Dawa

Wagonjwa 40 wa mafua niliowapa dawa mpya walipona wote ndani ya wiki mbili. Je, niandike ripoti?

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi hata nashuku kwamba wanaoliuliza hawasomi majibu. Mafua huisha yenyewe. Bila kundi la kulinganisha, ulichopima ni siku, si dawa.

Kugawa wagonjwa kwa kura ni usumbufu. Naweza kutumia mafaili ya wodi kulinganisha watoto waliopewa dripu ya haraka na wasiopewa?

Mafaili yatakueleza daktari alimhofia nani, kwa sababu aliyezidiwa ndiye anayewahiwa dripu. Katika jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, waligawanywa kwa bahasha zilizofungwa (kundi la mtoto, lililopangwa kwa kura, halijulikani hadi bahasha yake ifunguliwe): wengine wakamiminiwa kwa kasi maji ya chumvi au albumini (protini ya damu), wengine wakaachwa bila mmiminiko huo. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi na asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 7.3. Takwimu hizo zingetoka kwenye mafaili, sote tungesema waliomiminiwa walifika wakiwa hoi zaidi, na chupa zingeendelea kutundikwa. Ni bahasha iliyotunyang'anya kisingizio hicho.

Basi tugawe kwa siku: Jumatatu dawa hii, Jumanne ile?

Hiyo ni ratiba, si kura. Muuguzi anayejua kwamba kesho ni zamu ya dawa anayoiamini atachelewesha kumsajili mgonjwa anayemhurumia, naye hatajiona ametenda kosa. Waliojaribu streptomaisini kwa kifua kikuu Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 1948, walikwisha kuziba mwanya huo kwa bahasha.

Je, plasibo, yaani dawa bandia isiyotibu, ni lazima?

Si lazima. Penye tiba inayofanya kazi, linganisha nayo, kama artesuneti ilivyolinganishwa na kwinini kwa watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, ambapo vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti dhidi ya 10.9 kwa kwinini. Hukuuliza, lakini andika kabla ya mgonjwa wa kwanza ni tokeo gani utakalolihesabu. Watafiti wa artesuneti walihesabu vifo. Wewe usije ukakosa tofauti ya vifo, ukageukia homa, kisha hamu ya kula.