Kabla ya kununua mashine ya DNA, fuata waya wa friza yako

Vijana wanaoanza utafiti wa jenetiki ya samaki huniuliza sana mashine gani wanunue. Mimi nawauliza kwanza: friza yenu imechomekwa wapi? Wengine hudhani nawakwepa. Sivyo. Nitaeleza yaliyonikuta, nanyi mtaelewa kwa nini swali hilo nalitanguliza.

Ilikuwa Jumanne baada ya Pasaka, hapa Mwanza. Nilikuwa na miezi 14 ya kuzunguka mialoni nyuma yangu: vipande vya mapezi ya satu (tilapia), vya furu, na maini niliyoyatunza kwenye baridi kwa ajili ya kusoma RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi ndani ya seli. Nilipofungua mlango wa maabara, taa ya koridoni ilikuwa inawaka na feni inazunguka. Nilipofungua friza, harufu ikanipokea. Mlinzi wetu, mzee wa makamo ambaye hajawahi kunidanganya, alisema umeme ulikatika Ijumaa usiku ukarudi baada ya nusu saa. Ni kweli ulirudi. Lakini kwenye boksi la breka nyuma ya mlango, kikono kimoja kilikuwa kimesimama katikati, si juu wala chini. Hicho ndicho kilichokuwa kinalisha friza zetu zote tatu.

Aliyenieleza kilichotokea hakuwa profesa. Ni jirani yangu, fundi umeme wa kiwanda cha minofu ya sangara. Alitazama boksi lile, akauliza swali moja: "Dada, friza tatu mmeziweka kwenye breka moja?" Kisha akanifundisha jambo ambalo darasani sikuwahi kulisikia. Mota ya kompresa inapoamka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule inaotumia ikishatulia. Ni kwa muda mfupi sana, lakini umeme ukirudi friza zote huamka kwa pamoja, tena mara nyingi wakati voltiji bado iko chini. Breka inaanguka. Na mahali pengine kote taa zinawaka, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Akanipeleka kazini kwake nikaone. Kiwanda kina transfoma yake, na kompresa za amonia zinazogandisha minofu zina mota kubwa kuliko meza yangu ya maabara. Hakuna anayethubutu kuziwasha pamoja. Huwashwa kwa mfumo wa sta-delta, ambao hushusha mkondo wa kuanzia hadi kama theluthi moja, tena moja baada ya nyingine. Kuna kifaa kinachozima mota fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu za umeme wake, ikipotea. Kuna jenereta, na kuna mtu wa zamu anayeandika joto la chumba cha baridi kwenye daftari usiku kucha. Nilisimama pale nikaumia moyoni. Minofu ya sangara ilikuwa inalindwa vizuri kuliko sampuli za samaki ambao pengine hatutawapata tena.

Nasema hivyo kwa sababu hiyo ndiyo hali ya ziwa letu. Satu tunayemla leo aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, amepungua mno, na sehemu alikobaki ni viziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Siaya, Kenya. Jamii hizi hupandana, na chotara wao mara nyingi huwezi kumtambua kwa macho. DNA ndiyo inayosema ukweli. Ukipoteza pezi la samaki kutoka kiziwa kidogo, unaweza kurudi mwaka unaofuata ukakuta maji yale yale na samaki wengine.

Sasa ushauri wenyewe. Kila friza iwe na breka yake. Kila moja iwekewe kifaa cha kuchelewesha, kinachosubiri dakika chache baada ya umeme kurudi, na uzipangie tofauti: ya kwanza dakika 3, ya pili 6, ya tatu 9. Fundi yeyote wa friji anakijua, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya vitendanishi, zile kemikali za maabara, vya wiki moja. Msitegemee UPS ya kompyuta, ile betri ya akiba, kuendesha friza. Mkondo ule wa kuamka utaizidi nguvu.

Pili, jifunze kusoda, yaani kuunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa. Nasema kwa dhati: mwanafunzi wa jenetiki anayejua kushika chuma cha kusodea ana faida kubwa katika mazingira yetu. Alamu yetu ya kwanza tuliitengeneza wenyewe kwa kihisi cha joto cha DS18B20, rezista ya kilo-omu 4.7, bodi ndogo ya kielektroniki ya Arduino na modemu yenye laini ya simu. Tulijifunza mambo kwa kukosea. Kihisi kile husoma hadi nyuzi hasi 55 tu, kwa hiyo kinafaa friza ya hasi 20 na si ile ya hasi 80. Huko tumieni kihisi cha platinamu, PT100. Ncha ya kihisi chochote izamishwe ndani ya kichupa cha gliserini, la sivyo kila mtu akifungua mlango simu yako italia. Alamu iwe na betri yake, kwa sababu ikichomekwa soketi moja na friza itazimika nayo. Na itume ujumbe kila asubuhi hata kama mambo ni shwari. Siku ujumbe usipokuja, nenda ukaangalie.

Tatu, usiweke kwenye baridi kitu kisichohitaji baridi. Katika msiba ule wa Pasaka, kuna sampuli zilizopona kabisa: mapezi niliyokuwa nimeyatia kwenye ethanoli ya asilimia 95 na kuyaacha kwenye katoni chini ya meza, kwa kuwa friza ilikuwa imejaa. DNA ndani ya ethanoli hukaa vizuri kwenye joto la kawaida. Weka kipande kidogo, kama ukucha, na ethanoli mara kumi ya ujazo wake, kisha siku inayofuata ibadilishe kwa sababu maji ya nyama huipunguza nguvu. Formalini usiiguse kwa kazi hii, inaifunga DNA. Andika lebo kwa penseli kwenye kikaratasi ukitumbukize ndani ya kichupa. Wino wa nje ethanoli huufuta, na nimewahi kubaki na vichupa 40 visivyo na majina.

RNA ni habari nyingine. Yenyewe inataka baridi kali, basi hiyo ndiyo ipewe nafasi kwenye friza.

Wafugaji nao yanawahusu haya. Vifaranga wa satu, hata wale ambao kijenetiki ni majike, wakilelewa katika wiki zao za mwanzo kwenye maji ya nyuzi 36 hivi, wengi hugeuka madume. Kwa hiyo kama unachunguza jinsia ya samaki na hukurekodi joto la tangi kila saa, takwimu zako zina tundu. Kihisi kile kile cha bei ndogo kinaliziba.

Na mashine? Ndiyo, siku hizi kuna MinION, inayokaa kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta, inayosoma DNA kwa kupima mabadiliko ya mkondo wa umeme mdogo sana wakati uzi wa DNA unapita kwenye kitundu. Ni kifaa kizuri na ninakipenda. Ila zile seli zake za kusomea hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Mmeona tulikorudi.

Kama huna fedha ya lolote kati ya haya, fanya hivi leo jioni. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi mia juu ya barafu, kiweke ndani ya friza. Ukirudi kutoka sikukuu, kitazame kabla hujagusa sampuli. Sarafu ikiwa juu, barafu yako haikuyeyuka. Ikiwa imezama chini, usizitumie sampuli hizo kwa RNA, na kabla ya kumlaumu mtu, nenda kwenye boksi la breka uangalie vikono.